Mkono Upi wa Dubu

Jumatatu, 2 Juni

Mkutano wa kijiji. Kahawa, keki ya zabibu kavu, malalamiko kuhusu mbwa wa watu. Kisha jambo kubwa! Nyumba mpya ya mikutano itafunguliwa tarehe ishirini na moja, Sikukuu ya Taifa, na mgeni atakuja kutoka mji mkuu, Nuuk. Halmashauri inataka dubu mweupe wa nembo ya Greenland achongwe kwa mti na kusimamishwa mbele ya mlango, na ukuta wa nyuma yake upakwe buluu kama ngao yenyewe ilivyo. Wakauliza nani ataiweza kazi hiyo.

Nikainua mkono kabla swali halijaisha.

Mtu akakohoa. Mwenyekiti, Apollus Heilmann, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaniuliza kwa upole nimewahi kuchonga nini. Nikamjibu: mpini wa nyundo. Wakacheka. Nikawaambia kwamba katika watu wote wa Naajarsuit ni mimi, Zakeus Filemonsen, niliyefanya kazi na nembo ile kila siku. Miaka yote ya utumishi wangu katika ofisi ya kijiji nilikuwa nikigonga muhuri wenye dubu yule juu ya kila karatasi. Nani anamjua dubu kuliko mimi?

Apollus amewahi kuua dubu wa kweli, na kovu analo begani. Hakusema kitu. Huo ndio udhaifu wa watu wa namna yake, hawajui kujinadi.

Kazi nimepewa!

Bibiane, mke wangu, hakupiga makofi. Alikuwa akimtazama kaka yake, na kaka yake akitazama kikombe. Hawa wawili hawazungumzi vizuri tangu baba yao afariki. Sijui wanagombania nini. Mzee hakuacha mali yoyote ila kasha la vyombo vyake vya kuchongea, nalo alipewa Apollus kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume. Kasha tu!

Jumatano, 4 Juni

Tatizo. Dubu anataka gogo na nchi yetu haina miti. Mti mrefu kuliko yote hapa unanifika kwenye kifundo cha mguu. Magogo yetu huletwa na bahari, yakitoka kwenye mito ya Urusi, na mwaka huu bahari imekuwa bahili.

Lipo gogo moja. Zuri, nene, limenyooka, limekaushwa na upepo hadi limekuwa la rangi ya fedha. Liko ufukweni nyuma ya kanisa, juu ya alama ya maji kujaa, na juu yake pamewekwa jiwe. Kila mtu anajua maana ya jiwe hilo. Gogo lililovutwa juu ya maji likawekwa jiwe lina mwenyewe, na halali ya mwenyewe haiguswi hata akiliacha miaka.

Mwenyewe ni Apollus. Na kweli ameliacha miaka. Analiangalia tu. Gogo la kuangaliwa! Ubinafsi wa kiwango hicho sijapata kuuona.

Kumwomba siwezi. Mtu akishaomba mara moja anakuwa mwombaji.

Nimefikiri sana juu ya lile jiwe. Jiwe linaweza kuanguka. Gogo linaweza kubiringika. Likishaingia majini ni gogo la bahari, na gogo la bahari ni la yeyote atakayelivuta. Sheria iko wazi. Mimi mtu wa ofisi, sheria naziheshimu.

Alhamisi, 5 Juni

Jiwe limeanguka. (Zito mno! Mgongo umenikatika.) Gogo limebiringika, kwa msaada wa mtaimbo. Maji yalikuwa yamejaa, sawasawa na hesabu zangu.

Ambalo sikulihesabu ni mkondo. Nilisimama na kamba mkononi nikaliona gogo langu linaondoka, taratibu, limetulia, kama mtu mwenye safari zake. Likapita mwamba wa magharibi. Likapita siwa la barafu lililokwama pale tangu Aprili. Likaelekea Kanada.

Mashine ya mashua yangu imekufa tangu vuli. Ilibidi nikope mashua. Watu wote wako kwenye samaki. Aliyekuwepo ni mmoja tu.

Nikamwambia shemeji kwamba nimeona gogo, la ajabu, limetoka moja kwa moja bahari kuu. Apollus akatia mashine moto bila maswali. Tulipolifikia akazima mashine akaliangalia kwa muda mrefu.

“Linafanana na la kwangu,” akasema.

Nikamwambia magogo yote yanafanana, shemeji, ndiyo tabia ya magogo.

“La kwangu lilikuwa na alama ya shoka hapa kwenye ncha.” Akaligeuza kwa kulabu. Alama ya shoka ilikuwa pale pale. Nikasema kwamba Warusi nao wana mashoka.

Akatazama bahari. Nilidhani atanitupa humo. Kisha akafunga kamba, akalivuta gogo hadi nyumbani kwangu, akalipandisha bega kwa bega na mimi mpaka bandani. Alipoondoka akasema, “Lichonge vizuri, shemeji. Limesubiri.”

Gogo linasubiri nini? Watu wengine bwana. Lakini ushindi ni ushindi!

Jumamosi, 7 Juni

Nimeanza. Dirisha la banda nimelifunika gunia, mlango nimeutia komeo. Dubu huyu haonekani na jicho la mtu mpaka siku yake. Mafundi wasio na siri huibiwa fikra.

Mfano ninao. Walipoleta muhuri mpya ofisini, ule wa zamani niliuhifadhi kwa mapenzi ya kazi. Dubu yumo humo, mdogo kama ukucha, lakini kamili. Nimeuweka mezani uso wake juu, nikachukua kioo cha kukuzia, nikauchora mstari kwa mstari juu ya karatasi kubwa. Maandishi ya pembeni hayasomeki, yamekaa kinyumenyume. Mpira umechakaa. Haidhuru, silengi maandishi.

Dubu amesimama kwa miguu ya nyuma. Mkono wa kulia juu, wa kushoto chini.

Mkono wa kulia! Nimekaa nikaufikiria kwa dakika nyingi bila kugusa patasi. Kila kitu cha heshima ni cha kulia. Kiapo ni mkono wa kulia. Salamu ni mkono wa kulia. Kanisani mwenye haki hukaa upande wa kulia. Dubu yule anaapa, anatusalimu, anatuambia yeye ni mtu mzima mwenye adabu katika familia ya mataifa. Nimeyaandika hayo yote yawe hotuba yangu mbele ya mgeni. Naona mgeni atalia.

Jumanne, 10 Juni

Vidole viwili vimefungwa bandeji. Kazi inaendelea. Kichwa kimetoka kama kichwa. Masikio yamekuwa makubwa kidogo, lakini masikio hupungua, hayo ndiyo mazuri ya masikio.

Bibiane amerudi kutoka nyumba ya samaki amechoka. Anakata samaki huko tangu tuoane, naye husimama mwisho wa meza peke yake. Anatumia mkono wa kushoto na kiwiko chake hugongana na cha jirani. Ameomba kuona dubu. Nimemwambia siri ya kazi. Ameuliza basi kitu kimoja tu, ameinua mkono upi.

Siri ya kazi, nikasema.

Tukala supu ya sili wa baharini. Akaanza kunisimulia jambo ambalo katika ndoa yetu yote hajanisimulia. Alipokuwa darasa la kwanza, mwalimu aliyeletwa kutoka Denmark alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa chake mwenyewe cha shingoni, kwenye mgongo wa kiti, ili aandike kwa ule wa kulia. Kila asubuhi. Mwaka mzima. Hakuwa mwalimu mbaya, anasema. Alikuwa akiimba vizuri na kuwapa peremende. Alifunga tu. Akirudi nyumbani, baba yake alikuwa akimsugua kifundo cha mkono kwa mafuta ya sili akimwambia, “Usilie. Wewe ni dubu.” Kisha anampa kisu na kipande cha jino la nyangumi, achonge kwa mkono autakao.

Nikamwambia hadithi nzuri. Nikamwambia pia kwamba siku hizi hawafungi. Akasema anajua. Akaosha vyombo.

Sijui kwa nini aliiona leo kuwa siku ya kulisimulia hilo. Uchovu.

Ijumaa, 13 Juni

Jasusi! Apollus amebisha mlango wa banda. Kwa sauti ya kinafiki kabisa akauliza kama nahitaji msaada wa kunoa vyombo. Nikamjibu kupitia mbao kwamba vyombo vyangu vinakata kama wembe. (Patasi yangu haikati siagi.)

Akasimama nje. Nilikuwa nikisikia anavyopumua. Akauliza kama Bibiane huingia humu. Nikasema haingii mtu. Akasema, “Mruhusu aingie, shemeji.” Nikapigapiga nyundo mpaka akaondoka.

Kumbe ndiyo mbinu yake! Anataka dada yake ampelekee habari. Watu wasiozungumza! Njama za familia zina kina kirefu.

Alikuwa ameacha nyama ya sili mlangoni. Nimeila. Mtego wake haukuwa na ladha mbaya.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemaliza jana. Leo nimemwita Bibiane kabla ya watu wote, kama zawadi. Nimemsimamisha katikati ya banda, nimemwambia afumbe macho, nimevuta turubai.

Amefumbua macho. Ametazama. Nikasubiri kelele za furaha.

“Zakeus,” akasema. “Huyu ni dubu wa nani?”

Wetu, nikamwambia, wa nembo, kama alivyo kwenye muhuri. Akaomba muhuri. Akaupumulia, akaukandamiza juu ya kiganja changu. Wino wa zamani ukaacha alama hafifu. Maandishi yakasomeka vizuri kabisa. Na dubu kwenye kiganja changu ameinua mkono wa kushoto.

Nikatazama muhuri. Nikatazama kiganja. Muhuri. Kiganja.

Miaka yote ile ofisini! Naugonga, naugonga, naugonga! Nilikuwa nikitazama karatasi iliyokuwa ikifuata.

Bibiane alicheka mpaka akakaa juu ya takataka za mbao. Kisha kicheko kikaisha ghafla, naye akabaki pale chini akimwangalia dubu wangu. Akaniambia yule dubu mwenye mkono wa kulia juu yupo, tena ni maarufu. Yumo kwenye ngao ya mfalme kule Copenhagen. Wao wanasema nembo yenye adabu huinua mkono wa kulia. Sisi tulipochora ya kwetu tuliinua wa kushoto, kwa sababu kila mwindaji hapa anasema dubu ni mashoto. Ndiyo tofauti yote kati ya dubu wao na wa kwetu. Mkono mmoja.

“Na wewe,” akasema, “umenichongea mwalimu wangu.”

Akatoka. Chajio leo hakijapikwa. Nimekula biskuti za mbwa. Si mbaya ukizilowesha.

Jumanne, 17 Juni

Mwenye akili hakati tamaa. Nimeukata mkono wa kulia kwa msumeno, nimeugundisha upande wa kushoto.

Mkono wa kulia hauwi wa kushoto kwa kuhamishwa. Kiganja kimetazama nyuma. Dubu wa taifa anajikuna kisogo.

Nimeugeuza. Sasa anasimamisha gari.

Nimeuondoa. Dubu asiye na mkono ulioinuliwa, amesimama tu, wa kushoto umening'inia, wa kulia haupo. Anaonekana kama mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa. Tumetazamana, mimi na yeye. Zimebaki siku nne.

Jumatano, 18 Juni

Fikra kuu! Tatizo liko mbele ya dubu tu. Mgongo wake ni mzuri sana. Kwa hiyo dubu asimame akitazama ukuta, mgongo kwa wageni! Nitaeleza kwamba anaangalia ndani ya nyumba, anaulinda mkutano. Ishara ya kina.

Nikaenda kwa Apollus kupata kibali cha mwenyekiti. Nilieleza kwa ufasaha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa, kisha akachukua kofia yake.

“Nionyeshe,” akasema.

Nikamwambia haiwezekani, rangi haijakauka. Akasema hajaniuliza kuhusu rangi. Tukaenda. Nilijaribu kutembea polepole.

Mlango wa banda ulikuwa wazi. Bibiane alikuwa ndani. Amesimama mbele ya dubu, amekamata patasi yangu butu kwa mkono wa kushoto, akipunguza masikio. Masikio! Tayari yalikuwa ya dubu, yale ya kwangu yalikuwa ya sungura.

Hawakusalimiana. Apollus akatazama dubu, akatazama mkono uliokatwa sakafuni, akanitazama mimi, akarudi kwa dada yake.

“Patasi hiyo haikati,” akasema.

“Najua haikati.”

“Utaumia.”

“Basi lete inayokata, kaka,” Bibiane akasema bila kugeuka. “Wewe unayo. Unayo miaka yote hii, imekaa kwenye kasha. Hata kijiko hujachonga.”

Nikasema labda ninywe kahawa. Hakuna aliyenisikia.

Apollus akavua kofia. Mtu yule nimemwona akirudi kutoka barafuni na damu hadi kwenye buti, akizungumza kama anayetoka dukani. Leo sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema baba alipompa kasha alijua ni makosa. Alijua palepale, mbele ya watu wote, lakini alikuwa kijana na watu walikuwa wakimtazama. Kisha ikapita wiki, ukapita mwaka, na kila alipotaka kulileta aliona aibu kwamba hakulileta jana.

“Gogo hili nililiwekea jiwe kwa ajili yako,” akamwambia. “Nilisema siku nikilipeleka gogo nitapeleka na kasha. Nikawa naliangalia tu.”

Bibiane akasema, “Lilifikaje hapa?”

Apollus akanitazama. Nilijiona nakuwa mdogo kama yule dubu wa muhuri.

“Bahari ililileta,” Apollus akasema.

Kisha akaenda. Sikuamini kama angerudi. Alirudi na kasha begani, na chini ya kwapa kipande cha mfupa wa nyangumi, mweupe, mnene, ambao baba yao aliuacha bila kuugusa. Bibiane alipofungua kasha alikaa muda akizigusa patasi moja moja kwenye mpini. Mipini imechakaa upande wa kushoto. Mzee naye! Sikuwahi kulitazama hilo.

Ijumaa, 20 Juni

Kazi yangu katika mradi wangu mwenyewe ni kufagia na kuchemsha kahawa. Naifanya kwa kiwango cha juu.

Mfupa wa nyangumi unakuwa mkono wa kushoto. Ule wa mti uliokuwa ukining'inia hapo Apollus ameuhamishia kulia, na ukining'inia tu hakuna atakayejua tofauti. Bibiane hachori kwanza. Anaugeuza, anaunusa karibu, anakata. Mkono wake wa kushoto nimekuwa nao nyumba moja tangu ujana, nimeuona ukikata samaki, ukishona ngozi, ukinipiga kofi mara moja (nilistahili nusu yake). Sikuwa nimeuona ukiwa na furaha. Unakwenda wenyewe kama unarudi kwao.

Alipofika kwenye makucha akauliza yanakaaje dubu akipiga. Apollus akavua shati. Akasimama mbele yetu akaeleza. Alikuwa amesimama hivi, dubu yule pale, mbwa wamemzunguka. Wazee walikuwa wamemwambia ampite kwa upande wa kulia wa dubu, maana pigo hutoka kushoto. Alisahau. Pigo likamkuta bega la kulia. Kovu lina mistari minne, na wa mwisho umejipinda. Bibiane akaweka vidole vyake vya kushoto juu ya ile mistari, kimoja kwa kila mmoja, akapima. Akarudi akachonga.

Nikasema kahawa ipo tayari.

Nimefikiria jambo. Zamani niliona dubu wa ngao kama picha tu, kitu cha serikali, cha kugongwa juu ya karatasi za ushuru wa mbwa. Lakini mtu fulani alikaa mezani siku moja akaamua mkono upi. Angeweza kuinua wa kulia na hakuna ambaye angeuliza. Akainua ule wa watoto waliofungwa kwenye viti.

Nimeandika vizuri hapo. Nitaiingiza kwenye hotuba.

Jumamosi, 21 Juni

Sikukuu! Jua halijazama tangu mwezi jana, lakini leo liling'aa kama limelipwa. Bendera kila mlango. Watu wote na mavazi yao ya kitaifa, shanga mabegani, buti nyeupe. Mizinga midogo ilipigwa, mbwa wakaitikia. Mgeni alishuka kutoka mashuani, mama mmoja mnene mwenye cheko la karibu, akaomba kwanza ngozi ya nyangumi ya kutafuna kabla ya salamu. Watu wakampenda hapohapo.

Turubai likavutwa. Ukuta wa buluu, bahari na barafu na mbingu pamoja, na mbele yake dubu. Mwili wa rangi ya fedha, na mkono wa kushoto juu, mweupe kabisa, wa mfupa. Nilipoona kwa mbali vile nilisahau kwa sekunde kwamba ni wangu.

Mgeni akasema ni mzuri, akauliza kwa nini mkono ule ni mweupe kuliko mwili. Watu wakanitazama. Nikatoa hotuba mfukoni. Nikaanza.

“Ndugu zangu! Kila kitu cha heshima ni cha mkono wa kulia! Kiapo ni mkono wa kulia! Salamu ni mkono wa kulia! Na ndiyo maana dubu wetu...”

Nikainua macho nimtazame dubu.

Ilikuwa hotuba ya zamani. Mpya iko kwenye koti la kazi.

Walicheka mpaka mbwa wakanyamaza. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, “Zakeus, huyo dubu wako kaapa uongo basi!” Nikatamani mkondo ule uliolichukua gogo unipeleke Kanada.

Ndipo Bibiane, katikati ya watu, akainua mkono wake wa kushoto. Aliuinua tu juu, hivyo hivyo kama dubu, kifundo kimenyooka. Kicheko kikapungua. Mzee Tobias wa kanisani akauinua wa kwake wa kushoto. Kisha mama muuza mikate. Kisha wengine wa rika lao, mmoja baada ya mwingine, watu ambao maisha yangu yote nimewaona wakiandika kwa mkono wa kulia, vibaya. Apollus si mashoto lakini aliinua wa kushoto pia, akauinua juu kabisa. Mgeni alishikilia kipande chake cha ngozi ya nyangumi bila kukila.

Sikujua tuna mashoto wengi hivi. Niliishi nao. Niliwagongea karatasi zao.

Mgeni akauliza kwa sauti ndogo nani amemchonga.

Hapo palikuwa pangu! Mdomo ulishafunguka. Nikamtazama Bibiane bado ameinua mkono, vumbi la mfupa kwenye kucha. Nikasema, “Mke wangu.” Lilitoka kabla sijalipanga. Nikaharakisha kuongeza kwamba mwili, mawazo, usimamizi, gogo na mandhari kwa jumla ni vya Zakeus Filemonsen, lakini ngoma zilikuwa zimeanza.

Bibiane na kaka yake walikaa meza moja. Walikula sahani moja ya samaki mkavu, wakibishana kuhusu jinsi baba yao alivyokuwa akinoa. Wanabishana vizuri sana, hawakunipa nafasi hata ya kukaa.

Jumanne, 24 Juni

Nimepumzika. Nimetafakari. Katika jambo hili lote nimejifunza kwamba nina kipaji kikubwa cha nembo.

Taifa lina nembo. Mfalme ana nembo. Ukoo wa Filemonsen hauna! Nitaibuni mimi. Kwa siri kabisa, nimeshajifungia chumba cha nyuma, hakuna atakayeiona mpaka ikamilike. Leo asubuhi nimemuuliza Bibiane, kwa ujanja, kana kwamba ni mazungumzo tu, mimi nikiwa mnyama ningekuwa mnyama gani. Alikuwa akinoa patasi. Hakufikiri hata kidogo.

“Kunguru,” akasema.

Imenigusa. Kunguru! Ndege mwenye akili, mweusi wa kung'aa, wa kwanza kufika kila penye karamu. Apollus alikuwepo, anakuja kila siku siku hizi. Akasema anaafiki, akacheka mpaka akatoka nje kupumua. Wivu.

Nimeshachora. Kunguru wangu amesimama juu ya jiwe, kifua mbele, na samaki mdomoni, ishara ya bidii na kujitafutia. Bibiane amepitisha kichwa mlangoni, ametazama, amesema samaki yule kunguru kamwiba.

Mambo madogo kama hayo hayaonekani kwenye ngao.